Hasira, presha na mishipa ya damu: Nani huibana, nani huilegeza?

Leo katika safu yetu ya afya tutajifunza namna mishipa ya damu inavyobanwa na inavyopanuka, na kazi ya mishipa ya fahamu katika jambo hilo. Ni somo linaloonekana kuwa la madaktari, lakini ukweli ni kwamba kila mtu analishuhudia mwilini mwake kila siku. Ukilielewa, utajua kwa nini mwenye hasira hupanda presha, kwa nini mzee hupata kizunguzungu anapoinuka kutoka kwenye sijda, kwa nini mtu huzimia anapopewa habari ya msiba, na kwa nini mgonjwa wa presha hatakiwi kuacha dawa eti kwa sababu anajisikia mzima.

Haja ya kujifunza ni kubwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na shinikizo kubwa la damu, na karibu nusu yao hawakujua kuwa wanaumwa. Maradhi haya huingia kimya kimya. Wengi huyagundua siku ambayo mkono na mguu wa upande mmoja umekufa ganzi, au figo zimekwisha kuharibika.

Mshipa wa damu si bomba la plastiki

Watu wengi hudhani mishipa ya damu ni mabomba tu yanayopitisha damu kutoka kwenye moyo kwenda viungoni. Sivyo. Mshipa uko hai. Katikati ya ukuta wake mna misuli laini iliyouzunguka kama mshipi. Misuli hiyo ikijikaza, njia ya damu inakuwa nyembamba. Ikilegea, njia inapanuka. Ndani kabisa, pale damu inapogusa, mna utandu mwembamba wa seli ambao nao una kazi yake kubwa tutakayoitaja hapo mbele.

Mishipa midogo ya ateri ndiyo hasa inayofanya kazi ya koki. Hapo ndipo mwili huamua damu ngapi iende tumboni, ngapi iende miguuni na ngapi iende kwenye ngozi. Mabadiliko madogo ya upana huleta tofauti kubwa. Mshipa ukipungua upana wake kwa nusu, na msukumo wa damu ukabaki vile vile, damu inayopita haipungui kwa nusu, bali hubaki sehemu 1 tu kati ya 16. Basi ikiwa mishipa midogo mingi mwilini imebanwa kwa wakati mmoja, moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi ili damu ifike. Kusukuma huko kwa nguvu ndiko kunakoonekana kwenye kipimo cha presha.

Nani anatoa amri?

Allah (s.w) ametujaalia mishipa ya fahamu ya aina nyingi. Ipo tunayoiamrisha wenyewe, kama ile inayonyanyua mkono. Ipo pia inayofanya kazi bila ya sisi kuiamrisha, tukiwa macho au tumelala. Hii ya pili imegawanyika mafungu mawili makubwa. Fungu la kwanza huitwa simpathetiki, nalo ndilo linalouandaa mwili kwa kazi na dharura: kukimbia, kupigana, kuhimili baridi, kusimama. Fungu la pili huitwa parasimpathetiki, nalo hushughulika zaidi na mapumziko na usagaji wa chakula.

Neva za simpathetiki hutoka kwenye uti wa mgongo, eneo la kifua na kiuno, zikaenda hadi kwenye kuta za mishipa ya damu karibu mwili mzima. Zikiamshwa humwaga pale kemikali inayoitwa noradrenalini, na misuli ya mshipa inapoipata hujikaza. Wakati huo huo tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu, moyo ukaenda mbio. Amri yote hii hutoka kwenye shina la ubongo, ambalo hupokea taarifa kutoka kwa vipimo vya asili vilivyomo kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kifua. Presha ikishuka, vipimo hivyo huarifu na neva hukaza. Presha ikipanda, huarifu na neva hulegeza.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Mtu angetarajia kwamba kama zipo neva za kubana mishipa, basi zipo nyingine za kuipanua. Kwa mishipa mingi ya damu hakuna. Isipokuwa sehemu chache kama vile tezi za mate na viungo vya uzazi, mshipa hupokea amri moja tu ya neva, nayo ni ya kubana. Amri hiyo haikomi hata ukiwa umetulia, ila huwa ndogo. Mshipa hupanuka pale amri hiyo inapopunguzwa. Mfano wake ni mvuvi aliyeshika kamba ya tanga. Akitaka tanga likaze, huvuta. Akitaka lilegee, hahitaji mtu wa kulisukuma, huiachia kamba kidogo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, swali la kujiuliza si “nile nini ili mishipa yangu ipanuke?” peke yake. Swali la kwanza ni “nini katika maisha yangu kinachovuta kamba hii usiku na mchana?”

Jambo hili lilijulikanaje?

Waislamu wana sehemu yao katika historia ya elimu ya damu. Tabibu Ibn al-Nafis, aliyezaliwa Syria akafanya kazi Misri na kufariki mwaka 1288, alieleza kwamba damu kutoka upande wa kulia wa moyo hupita kwenye mapafu ndipo ifike upande wa kushoto, karne kadhaa kabla ya jambo hilo kuandikwa Ulaya.

Ama kuhusu neva, mwaka 1851 mtaalamu wa Ufaransa, Claude Bernard, aliikata neva ya simpathetiki kwenye shingo ya sungura. Sikio la upande ule likapata joto na mishipa yake ikajaa damu. Mwaka uliofuata Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa kisiwa cha Mauritius katika bahari yetu hii ya Hindi, aliichochea neva hiyo kwa umeme. Mishipa ikabanwa na sikio likapoa. Hapo ikawa wazi kwamba neva ndiyo inayobana, na ikiondolewa mshipa hupanuka wenyewe.

Utandu wa ndani nao una kauli

Ule utandu wa ndani tuliouacha hapo juu hutengeneza gesi inayoitwa naitriki oksaidi, nayo huilegeza misuli ya mshipa. Mwaka 1980 Robert Furchgott wa Marekani alionyesha kuwa mshipa uliokwanguliwa utandu wake ulishindwa kulegea hata ulipotiwa dawa ambayo kwa kawaida huulegeza. Utafiti wake na wa wenzake, Louis Ignarro na Ferid Murad, ulipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Basi upana wa mshipa wako kila dakika ni matokeo ya mvutano: neva zinakaza kutoka nje, utandu unalegeza kutoka ndani. Wataalamu huupima uwezo wa utandu kwa kuubana mkono na kile kitambaa cha kupimia presha kwa dakika 5, kisha kuuachia na kutazama kwa mashine ya ultrasaundi mshipa unapanuka kiasi gani. Tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa mtu akitiwa katika mashaka ya akili, au neva zake za simpathetiki zikichochewa kwa njia nyingine, mshipa hupanuka kidogo kuliko kawaida, ingawa matokeo hayakulingana kwa watu wote. Sigara, kisukari na presha ya muda mrefu huuharibu utandu wenyewe. Hapo mtu huwa amepata hasara mbili: kinachokaza kimezidi nguvu, na kinacholegeza kimedhoofika.

Hasira na mafundisho ya Mtume (s.a.w)

Hasira ni moja ya vichocheo vikubwa vya neva za simpathetiki. Mtu akighadhibika moyo hudunda, mishipa ya tumbo na figo hubanwa, na presha hupanda ndani ya muda mfupi. Kwa kijana mwenye afya hali hiyo hupita. Kwa mwenye maradhi ya moyo au presha isiyotibiwa, ghadhabu moja kali inaweza kuwa sababu ya shambulio la moyo au kiharusi.

Mtume (s.a.w) alipoombwa nasaha na mtu mmoja, alimkataza kughadhibika, na akalirudia hilo kila alipoulizwa, kama ilivyopokewa na Bukhari. Aidha katika hadithi aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Abu Dharr (r.a), aliyeghadhibika hali ya kuwa amesimama ameelekezwa akae, na kama hasira haijamwondoka basi alale.

Muislamu anatii mafundisho haya hata kama hajaijua hekima yake. Lakini tunapotazama elimu ya mwili tunaona jambo la kutufaa. Mtu aliyelala anaposimama, neva za simpathetiki huamshwa, na baada ya dakika chache tu kiasi cha noradrenalini kwenye damu hufika karibu mara mbili ya alipokuwa amelala. Akikaa hupungua, akilala hupungua zaidi. Yaani aliyesimama tayari ana kamba iliyovutwa, na hasira inaivuta tena. Akikaa ameilegeza kidogo, na akilala ameilegeza zaidi.

Baba anayegombana na mkewe akiwa amesimama mlangoni, mama anayemfokea mtoto hadi mikono inatetemeka, jirani anayebishana juu ya mpaka wa kiwanja: wote hawa wanaweza kuanza na hatua hii ndogo. Kaa chini.

Kizunguzungu cha kuinuka

Neva hizi si adui. Bila ya kazi yake usingeweza kusimama. Mtu anapoinuka, kiasi cha nusu lita ya damu au zaidi huteremka kwenye miguu na tumbo. Neva za simpathetiki huibana mishipa mara moja ili damu ya ubongo isipungue. Zikichelewa, macho huingia giza na mtu huweza kuanguka.

Wanaopatwa zaidi ni wazee, wenye kisukari cha muda mrefu kilichoharibu mishipa yao ya fahamu, walioishiwa maji kwa kuhara au kwa jua, na wanaotumia dawa za presha. Wazee wa kiume wanaopewa dawa za tezi dume kama tamsulosini nao wajue kuwa baadhi ya dawa hizo huizuia noradrenalini, hivyo huweza kuleta kizunguzungu. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, mara nyingi hupoteza uwezo wa kujitegemea. Kwa hiyo jambo hili lisichukuliwe kuwa dogo.

Mwezi wa Ramadhani una mtego wake. Baada ya futari nzito, mishipa ya tumbo hupanuka ili kusaga chakula na damu nyingi huenda huko. Mzee akiondoka hapo moja kwa moja kwenda kusimama Tarawehe, presha yake inaweza kushuka. Ni bora afuturu kwa kiasi, anywe maji, na apumzike kidogo. Anayeshindwa kusimama, dini imemruhusu kuswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa aswali kwa ubavu. Ruhusa hiyo ni rehema ya Allah (s.w), wala asiione aibu.

Anayeamka kwa ajili ya Alfajiri asiruke kitandani. Aketi ukingoni dakika moja au mbili, achezeshe miguu, ndipo asimame akiwa ameshika kitu. Kutoka kwenye sijda kwenda kisimamo cha rakaa inayofuata, mzee ainuke polepole au aswali karibu na ukuta au kiti.

Mtu akizimia

Wakati mwingine hofu kubwa, maumivu, kuona damu au habari ya msiba husababisha jambo la kinyume. Neva za simpathetiki huacha kazi ghafla, mishipa inapanuka yote kwa pamoja, mapigo ya moyo yanapungua, na mtu anaanguka. Makosa yanayofanyika ni kumketisha kwa nguvu, kumzunguka watu ishirini na kumwagia maji. Sahihi ni kumlaza chali, kuinua miguu yake, kulegeza nguo za shingoni na kuacha hewa ipite. Wengi huzinduka muda si mrefu. Asiyezinduka upesi, aliyeumia kichwa, mwenye maumivu ya kifua au mjamzito apelekwe hospitali.

Vinavyovuta kamba

Sigara na shisha: nikotini huzichochea neva zimwage noradrenalini, na moshi huharibu utandu wa ndani.

Mirungi: kemikali yake huongeza noradrenalini, hivyo mapigo na presha hupanda. Mwenye presha anayetafuna mirungi huku anameza vidonge anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Kukosa usingizi: presha hutakiwa kushuka usiku. Anayekesha bila ya haja, na anayekoroma sana huku pumzi zikikatika, neva zake hazipumziki. Mkoromaji wa namna hiyo aonane na daktari.

Baridi kali: maji ya baridi hubana mishipa ya ngozi na kupandisha presha kwa muda. Kwa walioko nyanda za juu kama Iringa na Lushoto, mgonjwa apashiwe maji ya udhu.

Baadhi ya dawa za kuzibua pua: hufanya kazi kwa kubana mishipa. Mwenye presha amweleze muuza dawa hali yake kabla ya kununua dawa ya mafua.

Vinavyolegeza

Mazoezi huja kwanza. Wakati wa kutembea, misuli ya miguu inayofanya kazi hutoa kemikali zinazoishinda amri ya neva, ikapata damu yake. Na kwa anayezoea, amri ya kubana hupungua hata akiwa amepumzika, na utandu wa ndani hupata nguvu. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima afanye walau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Kwenda msikitini kwa miguu, kwenda na kurudi, ni sehemu ya dakika hizo.

Jambo la pili ni utulivu. Kupumua polepole, kiasi cha pumzi 6 kwa dakika, hupunguza msukumo wa simpathetiki. Anayesoma Qur’an kwa tartili, na anayeleta dhikri bila ya haraka baada ya swala, pumzi yake nayo hutulia. Qur’an imetufundisha kuwa nyoyo hutua kwa kumkumbuka Allah (s.w). Hatuleti dhikri kwa ajili ya presha, tunaileta kwa ajili ya Mola wetu, na faida ya mwili ni nyongeza.

Jambo la tatu ni kupunguza chumvi na uzito uliozidi.

Dawa na uvumi

Wapo wanaosema kuwa ukianza dawa za presha umejifunga, na bora kuswali na kutumia mitishamba. Ndugu msomaji, Mtume (s.a.w) ametuamrisha kujitibu. Dawa za presha zinafanya kazi ile ile tuliyoisoma. Methildopa, ambayo hupewa zaidi wajawazito, hupunguza amri inayotoka ubongoni. Prazosini huzuia noradrenalini isishike kwenye mshipa. Propranololi huutuliza moyo. Amlodipini na nifedipini hulegeza misuli ya mshipa wenyewe. Kazi ya dawa ni kuishika kamba isivutwe. Ukiiachia ghafla, kamba huvutwa tena, na kwa dawa kama klonidini na propranololi kuacha ghafla huweza kuleta hatari kubwa kuliko mwanzo. Mwenye kutaka kufunga aonane na daktari kabla ya Ramadhani apangiwe muda wa dawa. Mgonjwa ambaye saumu itamdhuru ana ruhusa ya kutofunga.

Zoezi la nyumbani

Mwenye mashine ya presha ampime mzee wake hivi: apumzike dakika 5 hali amekaa au amelala, apimwe. Kisha asimame, apimwe baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3, na awepo mtu wa kumshika. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, andika na umpelekee daktari. Huenda dawa zikahitaji kurekebishwa. Msizipunguze wenyewe.

Maumivu ya kifua, mdomo kupinda, maneno kukwama, udhaifu wa upande mmoja, au kichwa kuuma vibaya pamoja na macho kutoona: hayo si ya kusubiri asubuhi. Ni hospitali saa ile ile.

Na kwa leo, kila nyumba ichague jambo moja. Aliye na sigara aizime. Asiyejua presha yake akapime. Na hasira itakapopanda jioni hii, aliyesimama akae.

Wabillahi tawfiiq.